MUHURI WA BALOZI NA SAHIHI YA KARANI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni; imepigwa chapa kwa ombi la Kamati.



Kamati ilipotuandikia kututaka tuseme machache juu ya kupeleka vyeti kwenye balozi za kigeni ili vikubaliwe ng'ambo, twalidhani kwanza kwamba barua ile imekosea njia. Kazi yetu ni ukarani wa daftari la vizazi na vifo katika makao ya wilaya. Ubalozi twaujua kwa mbali, kama mtu wa bondeni aujuavyo mlima ambao hajaupanda. Lakini tulipoisoma barua mara ya pili twaliona kwamba Kamati haikukosea, kwa maana safari ya cheti kwenda ng'ambo haianzi kwenye lango la balozi. Huanza mezani petu, penye kalamu, pedi ya muhuri, na foleni ya watu wenye haraka. Kwa hiyo mtatuwia radhi tukisema zaidi juu ya meza zetu kuliko juu ya majumba ya mabalozi.

Haja yenyewe yajulikana. Muuguzi amepata kazi katika hospitali ya Dubai au Doha. Kijana amepewa nafasi ya masomo Uchina. Binti aolewa Ujerumani. Mjane adai haki ya mumewe aliyefia ugenini akiwa kazini. Wote hawa huambiwa neno moja: leta cheti chako kikiwa kimehalalishwa. Na wengi huitikia bila ya kufahamu ni kitu gani walichokiitikia, kisha hutujia sisi makarani kuuliza. Nasi, tuseme kweli, mara nyingi twawaonyesha kidole upande wa Dar es Salaam, basi, tukamwita anayefuata.

Neno lenyewe balozi litusaidie kidogo. Katika nchi yetu ya Tanzania neno hili lina watu wawili. Yuko balozi akaaye mjini, mwenye bendera ya nchi yake juu ya nyumba na askari langoni. Na yuko balozi wa nyumba kumi, akaaye jirani na kisima, ambaye hana askari ila mbwa wake. Watu hucheka wakisikia wawili hao wakitajwa pamoja, lakini kazi zao hazikuachana sana kama bendera zao. Mgeni akihamia mahali na kutaka kupanga nyumba au kupewa kiwanja, huulizwa: umetoka wapi, na nani akujua? Basi humwendea balozi wake wa nyumba kumi, naye humpa neno. Kwa neno hilo mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji humwandikia barua ya utambulisho. Kisha mtendaji huitia muhuri. Mtendaji hamjui mgeni yule hata kwa sura. Amjua mwenyekiti, na mwandiko wa mwenyekiti ameuzoea. Naye mwenyekiti amjua balozi. Kila mmoja amshuhudia aliye chini yake, wala hakuna amshuhudiaye aliye mbali naye. Mnyororo wa karatasi ziendazo ng'ambo ni huo huo. Umerefushwa tu mpaka ukavuka bahari.

Tuutazame basi. Karani wa hospitali ya Dubai akipokea cheti cha kuzaliwa kilichotiwa sahihi na msajili wa wilaya fulani ya Tanzania, atajuaje kwamba sahihi hiyo si ya mtu aliyejifungia chumbani na kompyuta yake? Msajili hamjui. Hata ubalozi wa nchi yake ulioko kwetu haumjui. Lakini ubalozi waijua Wizara yetu ya Mambo ya Nje, na mifano ya sahihi za maofisa wa Wizara walioruhusiwa kazi hiyo iko nao. Wizara nayo haiwezi kumjua kila msajili, kila mwalimu mkuu na kila wakili wa nchi nzima, kwa hiyo hutegemea idara zilizo chini zihakiki kwanza. Ndiyo sababu cheti cha kuzaliwa hupitia RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, iliyoanza kazi mwaka 2006, na maombi ya uhakiki siku hizi hupelekwa kwa mtandao. Cheti cha kidato cha nne au cha sita chategemea neno la Baraza la Mitihani. Shahada yategemea chuo kilichoitoa. Hati aliyoiandika mtu mwenyewe, kama kiapo au hati ya kumpa nduguye mamlaka ya kuuza shamba, hupita kwa wakili ambaye sheria imempa kazi ya kushuhudia viapo. Wenzetu wa Zanzibar wana daftari zao na wakala wao wa usajili, wala hawapeleki vyeti vyao vya kuzaliwa RITA.

Baada ya hayo ndipo Wizara, na baada ya Wizara ndipo ubalozi. Kwa Umoja wa Falme za Kiarabu safari haikomi hapo: cheti kikifika kule hupelekwa tena kwenye Wizara yao ya Mambo ya Nje, ili hata muhuri wa balozi wao wenyewe nao ushuhudiwe. Mara nyingi hutakiwa pia tafsiri ya Kiarabu iliyofanywa na mtafsiri aliyeruhusiwa na sheria ya kule. Asiyejua haya hudhani amefika, kumbe yuko nusu ya njia. Tuongeze jambo ambalo wanachama wa mikoani walijua kwa maumivu ya mifuko: makao makuu ya Serikali yamehamia Dodoma, ilhali balozi nyingi zingali Dar es Salaam. Mtu wa Kigoma au wa Songea asiyeuliza kabla ya kupanda basi aweza kulipa nauli mara tatu kwa karatasi moja.

Sasa tuje kwenye kiini. Muhuri wa balozi wasema nini? Tumewauliza watu wengi swali hili, na karibu wote hujibu kwamba wasema cheti ni cha kweli. Sivyo. Uko Mkataba uliofanywa katika mji wa The Hague, Uholanzi, tarehe 5 Oktoba 1961, ambao tutaurudia baadaye; huo waeleza kazi ya kuhalalisha kwa maneno machache yasiyo na fumbo. Ni kushuhudia kwamba sahihi ni ya yule aliyeitia. Kwamba aliitia akiwa na cheo gani. Na, inapohitajika, kwamba muhuri ulio juu ya karatasi ni wa ofisi ile kweli. Mambo matatu, na la nne halimo. Kama karani aliandika kwamba mtoto alizaliwa mwezi Machi, naye alizaliwa mwezi Mei, mihuri yote itapigwa juu ya Machi, na Machi itavuka bahari na utukufu wake wote wa nembo na utepe. Balozi hakuwapo siku ile mama alipoitaja tarehe. Wizara haikuwapo. Aliyekuwapo ni karani.

Hapa yatupasa kutoa habari yetu wenyewe, wala hatuitoi kwa furaha. Miaka michache iliyopita alikuja mbele ya meza yetu msichana, muuguzi aliyehitimu vizuri, ambaye watu wa mtaa wake walijivuna kwa ajili yake. Alikuwa amepata kazi katika hospitali moja ya Ghuba, na mwajiri amempa siku 60 za kuleta vyeti vilivyohalalishwa. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kimeliwa na mchwa, akataka kingine. Siku ile ilikuwa siku ya mnada, watu wamejaa hata nje ya mlango, na kila mmoja asema gari lake laondoka. Tulifungua daftari, tukalisoma jina la baba, Athumani, tukaandika Othman. Kwa nini? Kwa sababu tulikuwa na rafiki shuleni aliyeitwa Othman, na mkono ulifuata mazoea badala ya kufuata jicho. Wala hatukukilinganisha na cheti chake cha shule, alichokuwa nacho mkononi, ambacho kilisema Athuman, bila ya irabu ya mwisho. Tena msajili aliyetia sahihi alikuwa amehamia kwetu wiki tatu tu, na mfano wa sahihi yake ulikuwa bado umelala katika trei yetu ukingoja barua ya kuupeleka juu. Kuipiga chapa barua ile ilikuwa kazi yetu.

Cheti kilirudi mara ya kwanza kwa sababu sahihi haikujulikana. Tukapeleka mfano wa sahihi kwa haraka, cheti kikaenda tena. Mara ya pili kilirudi kwa ajili ya jina, kwa kuwa binti wa Othman na binti wa Athuman hawakuonekana kuwa mtu mmoja. Akashauriwa kula kiapo mbele ya wakili kwamba majina yale yote ni ya baba yake mmoja. Na kiapo nacho kilitaka mihuri yake, kwa mpango ule ule, kutoka chini hata juu. Siku 60 zikaisha. Mwajiri akaongeza 20 kwa hisani, nazo zikaisha. Nafasi akapewa mwingine. Mama yake alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya nauli na ada.

Alirudi kwetu kutaka cheti kisahihishwe. Hakutukana, na laiti angalitukana. Aliweka karatasi tatu juu ya meza, akazipanga sawasawa, akauliza, "Kaka, baba yangu aliitwa nani?" Hatukuwa na la kujibu ila kulifungua daftari tena, na hapo tuliliona jina, Athumani, limeandikwa wazi kwa mwandiko mzuri wa karani wa zamani ambaye amekwisha kufariki. Yeye alikuwa amefanya kazi yake.

Tangu siku ile tumejifunza kutazama majina kwa namna nyingine, na twaomba wenzetu watuvumilie tukikaa hapa kidogo, maana katika vyeti tulivyoviona vikirudi, vingi vimerudi kwa ajili ya jina kuliko kwa sababu nyingine. Majina ya watu wetu yamepita katika kalamu nyingi. Mtoto abatizwa Yohana, shuleni mwalimu amwandika John, na bibi yake amwita kwa jina la babu. Mwingine ni Khadija katika cheti cha ndoa na Hadija katika kitambulisho. Mwingine jina lake la tatu ni la babu katika cheti cha kuzaliwa, na katika pasipoti ni la ukoo. Mwanamke aolewapo huongeza la mumewe katika karatasi moja na kuliacha katika nyingine. Sisi tulio nyumbani hatupati taabu. Twajua kwamba Yohana na John ni jina moja. Msomaji wa ng'ambo hajui, wala si wajibu wake kujua. Kwake herufi ni herufi, na mwenye herufi pungufu ni mtu mwingine.

Kwa tofauti ndogo ya maandishi, hati ya kiapo huweza kukubaliwa. Kwa mtu aliyebadili jina kweli, yafaa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha vitambulisho vingine viifuate hati hiyo. Lakini kosa likiwa ni la daftari au la karani, tusimpe mtu kiapo cha kubeba kosa letu maisha yake yote. Lisahihishwe pale lilipofanyika. Kiapo ni mkongojo. Mwenye mguu mzima hahitaji mkongojo. Na kazi hii yafaa kufanywa mwaka mmoja kabla ya haja, si wiki ile tiketi imekwisha kununuliwa.

Wazee wetu wana shida ya namna yao. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilitungwa Tanganyika mwaka 1920, lakini kwa miaka mingi haikuwalazimu Waafrika kusajili watoto wao. Ndiyo sababu mzee aitwapo na mwanawe aliyeko Ulaya, akatakiwa cheti cha kuzaliwa, husema tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa fulani au mwaka wa nzige. Karani kijana huona haya kuandika hivyo, akabuni tarehe 1 Januari. Nchi ya kigeni ikiona kwamba baba, mama, shangazi na mjomba wote wamezaliwa tarehe 1 Januari, itastahili kulaumiwa ikiuliza? Pana utaratibu wa kusajili kizazi kilichochelewa, wenye kutaka ushahidi, kama cheti cha ubatizo, cheti cha shule, au kiapo cha mtu aliyekuwako. Ushahidi huo utafutwe, wala tusiubuni kwa kumhurumia mzee. Huruma ya namna hiyo humfunga baadaye.

Juu ya nakala tutasema maneno machache. Ule muhuri usemao kwamba nakala ni sawa na ya asili wasema jambo lililotendeka: ya kwamba mtia sahihi ameishika ile ya asili, ameitazama, na ameilinganisha na nakala. Wapo watu, hatuwataji, ambao huugonga juu ya nakala tano kwa mara moja huku wakiongea katika simu, na ile ya asili iko nyumbani kwa mwenyewe, Mbeya. Hilo si kosa dogo la ofisi. Ni ushahidi wa uongo, ingawa cheti kikawa cha kweli.

Na juu ya nailoni. Watu wetu huvipenda vyeti vyao, na kwa mapenzi hayo huvipeleka dukani vikafunikwa kwa plastiki ya moto, visipatwe na maji wala mende. Cheti kikisha kufunikwa hivyo hakipigiki muhuri, kwa maana wino hauingii, wala mhakiki hawezi kuipima karatasi kwa kidole. Ofisi nyingi hukikataa hapo hapo, na kuibandua plastiki ni kuipasua karatasi. Hifadhini vyeti katika bahasha au faili kavu. Twasema hili kila siku, na kila siku tunaletewa kingine kinachong'aa.

Langoni pa ofisi hizi huwapo vishoka, kama watu wa mjini wawaitavyo, walio tayari kukupelekea cheti na kukirudisha kesho na mihuri yote. Hatutawahubiri. Twawakumbusha tu wenzetu yale tuliyoyasema juu ya mnyororo: muhuri wa bandia husimama vizuri mpaka pale mtu wa juu yake aulizapo wa chini yake. Wakati huo kishoka hayupo, na jina lililo juu ya karatasi ni la mwanao.

Bwana Mwenyekiti, tumeahidi kuurudia Mkataba wa The Hague, kwa kuwa wanachama kadhaa wametuuliza kama si kweli kwamba nchi nyingine zimeiondoa taabu hii yote. Ni kweli kwa sehemu. Mkataba ule, ulioanza kutumika tarehe 24 Januari 1965, uliondoa ngazi ya ubalozi kati ya nchi zilizoukubali. Mahali pa mihuri mingi pamewekwa hati moja, iitwayo apostili, ambayo hutolewa na mamlaka iliyoteuliwa na nchi ile ile iliyotoa cheti. Umbo lake limewekwa na Mkataba wenyewe: mraba usiopungua sentimita 9 kila upande, mistari kumi yenye namba, na kichwa cha maneno ya Kifaransa kisichobadilishwa. Aliyeitoa lazima aiandike katika daftari lake, namba na tarehe, ili mtu wa ng'ambo akiwa na shaka aulize. Baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kutaka muhuri juu ya muhuri huo. Tangu mwaka 2006 pana mpango wa kuitoa kwa njia ya kielektroniki pia.

Nchi zaidi ya 120 zimekwisha kuingia. Malawi, jirani zetu, wamo tangu mwaka 1967. Burundi imo tangu mwaka 2015, na Rwanda tangu mwaka 2024. Oman iliingia mwaka 2012, Saudia mwaka 2022, Uchina mwaka 2023, na Kanada mwaka 2024. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 Tanzania, Kenya na Uganda hazikuwamo, wala Umoja wa Falme za Kiarabu na Qatar. Hapa watu hukosea: huona Oman imo, wakadhani basi cheti cha Tanzania kitakwenda Muscat kwa apostili. Sharti nchi mbili zote ziwemo, inayotoa na inayopokea. Tena nchi iliyo ndani yaweza kupinga kuingia kwa mgeni, na kati ya hao wawili Mkataba usifanye kazi. Ujerumani ilifanya hivyo India ilipoingia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu yeyote aendaye ng'ambo lisiwe "ubalozi uko wapi?" bali "ofisi itakayopokea cheti changu yataka nini hasa?", na jibu alipate kwa maandishi. Wengine hawataki muhuri wowote. Tumewaona waliotumia fedha nyingi kupata mihuri ambayo hakuna aliyeitazama.

Baadhi yetu tungependa Tanzania iingie, na sisi wenyewe tu miongoni mwao, kwa kuwa nauli za maskini zingepungua. Lakini tusijidanganye. Apostili nayo yashuhudia yale mambo matatu tu: sahihi, cheo, muhuri. Othman wetu angepita chini ya apostili vile vile, tena kwa upesi zaidi.

Na pana ngazi iliyo mbaya kuliko mihuri mingi, nayo ni pale nchi ya kigeni isemapo kwamba haitaki tena kutia muhuri wake juu ya karatasi zenu. Ujerumani imefanya hivyo katika nchi kadhaa ambako yaona daftari haziaminiki vya kutosha, na majirani zetu Kenya na Uganda wamo katika hesabu hiyo. Huko ubalozi hauhalalishi cheti. Bali ofisi ya Ujerumani ikiwa na haja humtuma mtu wa kuaminika, aghalabu wakili, aende kwenye ofisi ya usajili, shuleni, pengine hata nyumbani kwa jamaa, akaulize kama mambo ni kama yalivyoandikwa. Gharama hulipwa na mwenye cheti, na miezi hupita. Fikirini, mabibi na mabwana, maana ya jambo hilo kwa makarani. Kwa miaka mingi makarani wengine, wachache tu, walibuni tarehe na kugonga mihuri wakiwa katika simu. Na leo karani mwaminifu wa Kisumu au wa Mbale, mwandishi safi asiyewahi kukosea herufi, sahihi yake haitoshi. Bibi harusi angoja hata mgeni aende kijijini kumwuliza mjomba wake kama kweli alizaliwa.

Kwetu mambo hayajafika huko. Basi tueleze yale ambayo ofisi yetu imeyafanya tangu habari ya muuguzi yule, wala si kwa kujisifu, kwa kuwa tuliyafanya tukiwa tumechelewa. Msajili mpya akiripoti, mfano wa sahihi yake hupelekwa juu siku ile ile, kabla hajaonyeshwa nyumba ya kukaa. Na ahamapo, barua ya kusema kwamba amehama hupelekwa vile vile. Hakuna cheti kinachotiwa sahihi mpaka mwombaji mwenyewe amekisoma kwa sauti, herufi kwa herufi katika majina, huku karani akilitazama daftari. Asiyejua kusoma husomewa na mtu aliyekuja naye, wala si na karani aliyekiandika. Siku za mnada foleni yetu imekuwa ndefu kuliko zamani, na tumelalamikiwa hata mbele ya mkubwa wetu. Tulimweleza sababu, akanyamaza kidogo, kisha akaagiza benchi la pili liwekwe kivulini.

Muuguzi yule sasa yuko katika hospitali moja ya mkoa, nasi humwona apitapo. Mwaka jana alileta vyeti vyake vyote tena, kwa kuwa ataka kujaribu mara ya pili. Vyote vitatu vyasema Athumani. Tulivilinganisha mara mbili, naye alivilinganisha mara tatu, wala hatukuona vibaya.

Bwana Katibu amekubali kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, meza moja ya ukumbi huu itawekwa kwa ajili ya wanachama waletao vyeti vyao na vya watoto wao ili majina na tarehe vilinganishwe, kabla hakujatokea haja ya safari. Sisi tutakuwapo, pamoja na mwenzetu wa idara ya elimu ambaye amejitolea. Njooni na vya asili. Na ambavyo havijatiwa nailoni, tafadhali msivitie.